Kola ya Kemilembe

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, nilikabidhiwa ndoo, mkasi wa kukatia plasta na aproni yenye jina la mtu mwingine. Aliyenikabidhi ni Ta Kamugisha, "Ta" ikiwa heshima yetu Wahaya kwa mwanamume, msimamizi wa chumba cha plasta katika hospitali niliyoitumikia hapa Bukoba mpaka nilipoomba kustaafu mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na mitano. Aliniuliza swali moja tu. "Unaweza kukaa kimya mtu akilia?" Nikasema naweza. "Basi mengine utajifunza," akasema, akaenda kunywa chai.

Ninawaandikia ninyi mliobaki katika chumba kile. Vyeo na mishahara nimeviacha, kwa sababu vyangu havijazi hata nusu ukurasa. Nitaeleza vifaa, watu walionifundisha kazi, na mgonjwa mmoja niliyemkosea.

Ta Kamugisha alikuwa na mikono mipana na maneno machache. Alinifundisha kwamba plasta hukandamizwa kwa kiganja, kamwe si kwa ncha za vidole, maana kila ncha huacha shimo, na shimo huwa kidonda. Alinifundisha kupima mara tatu na kuandika kila kipimo, hata kama vyote vitatu vinafanana. Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa kola ya shingo. Mtu aliyeungua shingoni, kovu likamvuta kidevu mpaka kifuani, daktari bingwa hulikata kovu hilo na kupandikiza ngozi iliyotolewa pajani. Ngozi hiyo mpya ina tabia ya kusinyaa. Isiposhikiliwa usiku na mchana kwa miezi sita, pengine mwaka mzima, inakirudisha kidevu chini polepole, na kazi yote ya daktari inakuwa bure.

Kola za kiwandani hazikutufikia, na zilipofika zilikuwa za shingo ndefu za watu wengine. Sisi tulitumia dumu la njano la mafuta ya kula, la lita ishirini. Unakata ubavu wake, unaupasha juu ya jiko la mkaa mpaka unalegea kama ngozi mbichi, unauzungushia kwenye sanamu ya plasta ya shingo ya mgonjwa mwenyewe, unakunja kingo zitazame nje zisimkate. Ndani unaweka sponji ya godoro iliyofunikwa kwa shuka la pamba lililochakaa. Nyuma, mikanda ya kunata kama ile ya viatu vya watoto. Ta Kamugisha alipostaafu nilikuwa ninazitengeneza vizuri kuliko yeye. Alilijua hilo, na siku ya kuagana hakunipa mkono. Nilimlaumu kwa miaka mingi. Sasa simlaumu.

Jambo ambalo hakunifundisha, nikajifundisha mwenyewe, ni yale yanayompata mtu baada ya bendeji kutoka. Mimi niliishia kidato cha nne. Vitabu nilivipata kwa madaktari wageni walioviacha wakiondoka, nikavisoma nyumbani Kagondo kurasa mbili kwa siku, kamusi ikiwa pembeni. Vilinisaidia, lakini daftari langu lilinisaidia zaidi. Niliandika humo yale niliyoyaona. Bwana mmoja wa Kashozi, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, alishonwa akiwa na miaka arobaini. Mdomo ukapona vizuri kabisa, na bado kwa miaka miwili aliendelea kuzungumza akiufunika kwa kiganja. Binti mmoja aliondolewa uvimbe wa kovu sikioni, uvimbe aliouchukia tangu utoto, na siku ya tisa nilimkuta analia. Nilipomuuliza alisema, "Nimemkumbuka yule wa zamani." Nilijifunza kwamba wengi huvunjika moyo kati ya siku ya nne na ya kumi, wakati watu wa nyumbani wanashangilia. Mgonjwa anaona haya kuwa na huzuni akiwa ameshapona.

Hayo niliyajua mimi, fundi wa madumu. Hakuna aliyeniuliza.

Kila mwaka madaktari bingwa walikuja kwa kambi ya siku sita. Siku ya saba walisindikizwa uwanja wa ndege na kuku, mikungu ya ndizi, na msimu ukikubali, senene waliokaangwa na kufungwa vizuri. Mimi nilibaki na shingo za wagonjwa wao kwa mwaka mzima. Katika miaka yote hiyo nilipewa kuku mmoja, naye alikuwa wa daktari aliyeondoka mapema. Mkisoma hapa mtasema mzee huyu ana wivu. Ni kweli. Ninaliandika ili mlijue mapema, maana ndilo lililonifikisha kwenye kosa.

Miaka sita kabla sijastaafu aliletwa Salma. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mtoto wa mjini hapa Bukoba, baba yake muuza vitambaa, naye ana stashahada ya ushauri nasaha. Alipewa stoo yangu ya plasta. Walitoa magunia yangu, wakaweka pazia la kijani na viti viwili. Wagonjwa waliingia mle wakiwa wameinamisha vichwa, wakatoka wanafuta machozi na kutabasamu, wakapita mlangoni kwangu bila kugeuka. Wale wale niliowapima shingo kwa mikono yangu walimwambia Salma mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Nilianza kuhesabu dakika wanazokaa kwake. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Salma, hivi mle ndani huwa unawauliza nini?"

"Ninawauliza wamelalaje, mzee."

"Basi?"

"Basi. Halafu ninanyamaza."

Nilirudi kwenye plasta yangu nimekasirika, kwa sababu kunyamaza ndiyo kazi niliyoajiriwa nayo.

Mwaka uliofuata kambi ilimleta Kemilembe. Alitoka Kishanda, wilayani Muleba, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye watoto wawili. Akiwa mdogo alimwagikiwa na uji uliokuwa unachemka, na kovu likakifunga kidevu chake kifuani. Kutoka ncha ya kidevu hadi mfupa wa kifua nilipima sentimita nne. Ili akuone usoni ilimbidi arudi nyuma hatua mbili na kukunja kiuno. Mumewe, Deus, mkulima wa kahawa na migomba, alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Alikaa naye wodini siku zote, akimlisha kwa kijiko. Manesi walimpenda. "Wanaume kama huyu hawapo tena," walisema, naye alikuwa akisikia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ngozi ikashika. Nilimtengenezea kola ambayo mpaka leo ndiyo bora niliyopata kuitengeneza: nyepesi, kingo laini, haikumwachia alama hata moja. Siku anaruhusiwa nilipima sentimita kumi na nne. Alisimama mlangoni kwangu, kichwa kimenyooka, akaniambia, "Ta Mutalemwa, kumbe una mvi." Alikuwa ameniona siku kumi na tisa bila kuniona.

Kliniki yake ya kwanza ilikuwa Muleba, ambako tulikwenda kila baada ya wiki mbili na gari la hospitali. Alikuja na Deus. Kola ilikuwa mahali pake, kipimo hakijapungua. Kemilembe alipotoka kwenda kupima uzito, Deus alisogeza kiti.

"Ta, hii kola, huwezi kuishusha kidogo?"

"Inambana wapi?"

"Haimbani."

"Sasa niishushe kwa nini?"

Akatazama mlango. "Anatazama watu sana. Juzi tulipita sokoni, muuza nyanya anamwambia, 'Dada, kumbe una macho mazuri hivyo.' Mimi nipo pale pale, nimebeba kikapu."

Nikacheka. "Ungemwambia asante, labda angekupunguzia bei."

Yeye hakucheka. Nami niliacha kucheka kabla ya gari kuondoka, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma na kuandika vya kutosha kuujua wivu ninapouona. Chini ya fomu ya ufuatiliaji kuna kisanduku: "Aonane na mshauri nasaha." Ukikitia alama, Salma anampigia mgonjwa simu wiki hiyo hiyo. Nilishika kalamu juu ya kisanduku kile. Nikawaza jinsi Kemilembe atakavyokwenda nyuma ya pazia la kijani, na jinsi itakavyosemwa kwamba Salma ndiye aliyemponya. Nikakiacha wazi, nikapiga mhuri.

Kliniki iliyofuata hakuja. Ya tatu hakuja. Nilijiambia ni mavuno ya kahawa.

Alikuja ya nne, peke yake, saa nne kasoro robo, amejitanda kanga mpaka puani. Shingoni hakuwa na kitu. Nilichukua utepe na kupima mara tatu: sentimita kumi na nusu, mara zote tatu.

"Kola iko wapi, Ma Kemilembe?"

"Iko nyumbani."

"Nani aliivua?"

Alinyamaza, nami nikajaribu dawa ya Salma, nikanyamaza pia. Nilishangaa inavyofanya kazi. Akaeleza. Wiki moja baada ya kliniki ya kwanza, wakwe zake walikuwa na wageni. Akatoka jikoni kuwasalimia kama ilivyo kwetu, akapiga magoti mbele ya baba mkwe. Mwanamke anayesalimia wakubwa huteremsha macho. Yeye miaka yote aliyoolewa pale alisifiwa kwa adabu hiyo. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mke asiyeinua uso kwa mtu. Siku ile kola ilikikaza kidevu juu, akapiga magoti, na macho yake yakatua moja kwa moja usoni kwa mzee.

"Mae, mama mkwe wangu, akasema mbele ya wageni wote, 'Huyu sasa anatupima.' Watu wakacheka. Deus alitoka nje. Jioni akanivua, akasema nikae bila kola mpaka watu wasahau."

"Na wewe ukakubali?"

"Ningeishi wapi, Ta?"

Fikirini jambo hilo. Watu wa nyumba nzima walikuwa wamelichukua kovu wakaliita tabia njema, na lilipoondolewa wakaona tabia imeharibika. Sikuwahi kulikuta katika kitabu chochote, wala daktari yeyote wa kambi asingelibuni. Lakini dalili yake niliisikia kwa masikio yangu, wiki sita kabla.

Siku iliyofuata niliingia nyuma ya pazia la kijani kwa mara ya kwanza. Nilimweleza Salma yote isipokuwa sababu.

"Kwa nini hukunitilia alama kwenye fomu?"

"Nilisahau."

Akatikisa kichwa. "Mzee, wewe unakumbuka unene wa shingo ya mtu aliyekufa."

Nikamwambia sababu. Hakunifariji wala hakunisimanga, alisema tu, "Tunaondoka lini?"

Tulikwenda na gari la kliniki siku ya Alhamisi. Nilibeba kola mpya, utepe na jiko dogo. Kishanda mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na njia ya kuingia kwa akina Deus ilipita katikati ya migomba inayodondosha maji. Uani tuliona vifaranga wamezunguka kitu cha njano. Ilikuwa kola yangu, imegeuzwa chali, imejaa maji ya kunywa.

"Mzee," Salma akasema, "kazi yako imepata wateja wapya."

Nilitaka kurudi garini. Mama mkwe akatutolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akatukaribisha kwa maneno mazuri, kisha akaketi mahali ambapo hakuna ambaye angezungumza bila yeye kusikia. Alikuwepo baba mkwe, mzee mkimya mwenye fimbo, na Deus. Kemilembe alikaa kwenye mkeka, kanga imemfunika kidevu.

Nilianza mimi. Nilieleza habari za ngozi, kusinyaa, sentimita tatu na nusu zilizopotea. Nilizungumza vizuri sana, na hakuna aliyenisikiliza. Nilipomaliza, Salma alimgeukia Deus.

"Kaka, siku hizi unalalaje?"

Deus akachezea punje za kahawa kiganjani.

"Vibaya," akasema. "Zamani akitazama chini, nilijua anatazama nini. Sasa sijui."

"Na watu wanasemaje?"

"Zamani waliniambia mimi ni mtu mwema. Nilimuoa wakati wote wanampita. Padri alinitaja kanisani. Sasa wananiambia nina bahati." Akamtazama Salma. "Si kitu kimoja, dada. Mtu mwema na mwenye bahati si kitu kimoja."

Mama mkwe akatia neno. "Mwanangu asiumizwe kwa ajili ya shingo. Tumeishi nayo."

"Aliyeishi nayo ni mimi, Mae," Kemilembe akasema. Alisema polepole, na bado hakuinua uso, maana sasa ulikuwa hauinuki vizuri. "Mlikuwa hamjaiona adabu yangu. Mliliona kovu. Nilikuwa natazama chini kwa sababu ngozi inanivuta. Nipeni shingo yangu, kisha mnihukumu nikitazama chini kwa kupenda."

Deus alikuwa ameinama kuliko mkewe. Nilimwona, na nikajua anavyojisikia mtu ambaye kazi yake ya miaka imeonekana si kitu mara mgeni alipofika.

"Deus," nikasema, "mimi nina ugonjwa kama wako. Wivu wangu umekaa hapo." Nikamwonyesha Salma kwa kidole. "Niliijua hali yako tangu kliniki ya kwanza. Nikanyamaza ili huyu asisifiwe. Kama unatafuta aliyemuumiza mkeo, tuko wawili."

Mama mkwe akacheka kwa sauti mpaka akashika mbavu. "Mzee mzima! Unamwonea wivu mtoto?"

"Ndiyo, mama."

"Hata huoni haya?"

"Naona sana."

Kicheko hicho kilitusaidia kuliko hotuba yangu. Salma akasubiri kiishe, akauliza jinsi Kemilembe atakavyowasalimia wakubwa akiwa na kola. Mama mkwe akasema basi afumbe macho. Hapo baba mkwe alizungumza kwa mara ya kwanza.

"Na akifumba akanimwagia chai? Apige magoti kwa ubavu, atazame ukuta. Na yeye atakayeona ni vibaya, aje aniambie mimi."

Salma akamwomba Deus jambo moja: yeye ndiye awe anaifunga kola kila asubuhi baada ya mkewe kuosha shingo, na yeye ndiye ashike utepe na kuandika kipimo kila Jumapili. Nilipinga moyoni. Kupima ni kazi yangu. Kisha nikampa Deus utepe wangu, nikamwonyesha mfupa wa kuanzia. Alipima mara moja. Nikamwambia arudie mara mbili zaidi. Aliugusisha utepe juu juu tu kidevuni kwa mkewe, naye Kemilembe akasema, "Bonyeza tu, haiumi," kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu.

Deus alitimiza. Kila wiki mbili alileta karatasi yenye vipimo vitatu vitatu kwa mwandiko mzuri. Vilisimama kwenye kumi na moja, na hapo havikusonga. Kovu lilikuwa limeshakomaa kwa zile wiki sita. Kola inazuia, hairudishi. Baada ya miezi minane daktari alisema ni lazima akatwe upya. Kambi ya bure ilikuwa ya wagonjwa wapya, kwa hiyo safari hii ilibidi walipe. Deus aliuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei aliyojua ni ya kuumia.

Kabla ya kuingia upasuaji wa pili, Kemilembe alikaa na Salma mara tatu, na mara ya tatu Deus aliingia pia. Kisanduku nilikitia alama mimi mwenyewe, kwa wino mwingi kiasi cha kutoboa karatasi. Sikuuliza walizungumza nini. Nilitaka sana kujua, na hamu hiyo haijaniisha hata leo.

Shingo yake sasa ina sentimita kumi na nne na nusu, na haijapungua kwa zaidi ya mwaka. Wakwe anawasalimia kwa kuteremsha macho, kwa sababu anataka. Deus bado hapendi akimwona mkewe anazungumza na muuza nyanya, lakini husema, "Sipendi," na wanaendelea na safari yao.

Ninyi mnaonifuata mtakuwa na mikono mizuri, na mtaona wengine wakibeba sifa za mikono hiyo. Mtaumia, wala sina dawa ya hilo. Lakini fomu ijazeni kwanza, ndipo muumie.

Nilipokuwa nakabidhi ofisi nilimwomba Deus hesabu ya upasuaji wa pili. Aliniletea risiti zote: kitanda, dawa, vifaa, nauli za Kishanda hadi Bukoba, chakula cha wodini, na hasara ya kahawa iliyouzwa mtini. Tulijumlisha pamoja, mara tatu. Nikamlipa nusu, naye akaipokea bila kubishana, kama mtu anayegawana na mwenzake deni walilolifanya pamoja. Wivu wetu sisi wawili ulitugharimu shilingi laki tano na thelathini na sita elfu.